Kesi ya Mfano Iliyoniondolea Mchumba

Ndugu wasomaji, niwieni radhi kwa mwandiko wangu mbaya na makosa ya herufi, maana shule niliishia darasa la nne.

Mwezi uliopita mwalimu wa chuo kikuu alikuja hapa Ulemo kutoka Uganda, akawa anatufundisha alasiri mambo ya sheria, mahakama na siasa. Nilihudhuria ili baba wa mchumba wangu Eliza anione kijana wa maana. Ng'ombe wa mahari nilikuwa nimekwisha wapeleka, lakini baba huyo alikuwa bado hajanipa jibu.

Siku moja mwalimu akatutungia kesi ya mfano. Mimi nikawa mshitakiwa wa wizi wa ng'ombe, na mzee mmoja wa baraza akawa hakimu.

"Wewe utakana, kisha tutawaita mashahidi," mwalimu alinielekeza.

Mzee akanikazia macho. "Kijana, uliiba?"

Kwetu kijana habishani na mzee mbele ya watu. Nikapiga magoti. "Shikamoo mzee. Niliiba. Nisamehe."

Darasa likaangua kicheko. "Mwalimu, kesi imekwisha, twende tukanywe togwa!"

Nilipoinua kichwa nikamwona baba yake Eliza mlangoni, ndiyo kwanza anafika. Hakucheka.

"Na wale ng'ombe walio zizini kwangu," aliuliza polepole, "ni wa nani?"

Mwalimu akamweleza kuwa ulikuwa mfano tu.

"Mtu hapigi magoti kwa mfano," akajibu.

Asubuhi ng'ombe wote walirudishwa nyumbani kwetu. Niandikieni, ndugu zangu, mnishauri nifanyeje ili anisadiki.