Dawa ya Kumezea Ndani

Harufu ya maharage yaliyoungua ikiingia dirishani hapa mtaani Mchesi, Lilongwe, mashavu yangu hupata moto. Nilipokuwa msichana mdogo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mama aliniachia sufuria ya maharage jikoni, nami nikaisahau tena, yakaungua. Jumapili akina mama wa kanisa walinishika kichwa wakikemea pepo waliyedhani ananisahaulisha. Nilimwona mjusi akikimbia juu ya ukuta, nikacheka. Mama akainamisha uso.

Baadaye daktari wa Lilongwe alieleza, kupitia mkalimani, kwamba akili yangu inashindwa kutulia kwenye jambo moja, na dawa ipo.

"Njo kusema mutoto yangu hana shetani?" mama aliuliza kwa Kiswahili cha kwetu.

"Hana."

Nilidhani atafurahi. Alifunga vidonge kwenye pindo la kitenge, akaninong'oneza, "Utameza ndani ya nyumba. Bantu ba inje basione."

Mpaka leo, kabla ya kumeza, nafunga mlango.