Gimbi la Croydon

Mama yangu alipotangaza kwamba anataka kurudi Tanga wiki inayofuata, alikuwa amekaa London miezi miwili tu, na tiketi yake ilikuwa ya Agosti. Alitangaza akiwa amesimama dirishani kwenye fleti yangu ya Hounslow, ndege ikitupitia juu ya paa kama ada, macho yake kwenye nyasi za uwanja ulioko chini.

"Hata magugu siyajui huku," alisema. "Nimekuwa mjinga uzeeni."

Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa manung'uniko ya kawaida. Lakini mama yangu ni mtu ambaye kwetu watu humtumia picha za majani kwa simu, naye hujibu kabla picha haijafunguka sawasawa. Mdudu akipita mbele yake, anamjua yeye, ukoo wake na tabia zake mbaya. Nikamwomba anivumilie mpaka Jumatatu, ndipo nimpigie wakala abadilishe tarehe. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshazoea kurudi kazini nikakuta chai mezani, na kwamba nilikuwa naogopa kurudia kula mkate nimesimama jikoni peke yangu. Nina miaka arobaini na sita, na mtu wa umri huo anaona haya kumwambia mama yake asiondoke.

Kwa hiyo Jumamosi nikampeleka kuyajua magugu. Nilikuwa nimeona tangazo la matembezi ya bure ya kutambua mimea na wadudu, katika msitu ulioko nje kidogo ya Croydon. Mama aliposikia Croydon, akaniuliza nimefanya kosa gani. Waswahili wa London wanaijua Croydon kwa jengo la uhamiaji, na sijasikia aliyekwenda kule kutembea tu, na chapati kwenye mfuko. Tulipanda treni, tukabadilisha, tukapanda tramu, Mama akinusa ndimu njia nzima kuzuia kichefuchefu. Tuliposhuka akairudisha ndimu mkobani.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kiingereza aliyevaa kaptula mwezi wa Aprili, magoti yamemwiva kwa baridi, kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni. Tulikuwa watu wanane hivi. Mimi kazi yangu ni ukalimani, nawatafsiria wagonjwa na madaktari kwenye simu, basi nikajitokeza kifua mbele kwamba Mama asiwe na wasiwasi, nitamtafsiria kila kitu.

Ahadi hiyo ilidumu dakika tatu. Mzee alituonyesha kiua cheupe kilichochanua chini ya miti, akakitaja kwa Kiingereza. Mama akatoa daftari na kalamu.

"Kwa Kiswahili kinaitwaje?"

Mkalimani akikwama, sheria ni kusema amekwama. Nina cheti kinachosema hivyo, kipo ukutani sebuleni. Lakini huyu alikuwa mama yangu, na mimi nimekaa nchi hii miaka kumi na tisa. Kusema sijui kungekuwa kukiri kwamba miaka yote hiyo nilikuwa natazama simu.

"Nyota ya bibi arusi," nikasema.

Akaandika.

Baada ya hapo sikushikika. Maua ya buluu yaliyotanda ardhi nzima nikayaita kengele za Ijumaa. Kipepeo mweupe mwenye ncha za mabawa za rangi ya chungwa nikamwita karani. Mama akauliza karani kwa nini, nikamjibu ndivyo anavyoitwa, tena kwa ukali kidogo. Kisha mzee akageuza gogo, tukakuta vijidudu vya kijivu vyenye magamba, na kimoja kikajikunja kikawa kidonge. Nilikuwa bado natafuta uongo wa kukitosha Mama alipokisukuma kwa kalamu.

"Jongoo aliyepunguzwa miguu," alisema, akaandika mwenyewe.

Ningekuwa na akili ningenyamaza pale pale.

Tukafika mahali palipojaa majani mapana mabichi, na hewa yote inanuka kitunguu saumu. Mama akauliza swali ambalo watu wa kwetu huliuliza mbele ya jani lolote: "Yanaliwa?" Mzee akasema yanaliwa, kila mtu achume moja aonje, lakini kwanza alitazame vizuri na alinuse, kwa sababu... Hiyo sababu sikuisikiliza. Nilikuwa nimeshainama na kuchuma langu, kubwa, linang'aa, lina masikio mawili kwa nyuma.

"Tupa hilo," Mama alisema. "Hilo gimbi."

"Mama, huku hakuna magimbi."

"Tazama masikio yake. Gimbi bichi haliliwi, we mtoto."

"Huu ni mchicha saumu," nikasema, jina likiwa na umri wa sekunde moja. "Nimekaa huku miaka kumi na tisa."

Nikang'ata nusu ya jani.

Kwa muda mfupi nilikuwa mshindi. Halafu ulimi ukachomwa sindano, ikafuata midomo, zikafuata fizi, mate yakanichuruzika kama mtoto anayeota meno. Nikapiga magoti katikati ya kengele za Ijumaa nikitema.

"Tema yote, usimeze," Mama alisema, wala hakupaza sauti. Akanisukutuisha maji mara sijui ngapi, akaing'ata ile ndimu, akanisugua nayo ulimi. Mzee akaja mbio na maziwa ya chai yake, akaniuliza kama nimemeza, nikatikisa kichwa. Akanikalisha kwenye gogo ili anione muda wote.

Basi nikakaa na majongoo waliopunguzwa miguu, hanchifu mdomoni. Mkalimani wa pekee msitu mzima alikuwa hawezi kutamka neno, na hakuna aliyemhitaji. Mama alichora gimbi kwenye daftari, jani lake na kiazi chake, pembeni sufuria inayochemka. Mzee akatafuta picha ya gimbi kwenye simu, akamwonyesha. Mama akajipiga paja: "Ndiyo!" Mzee akaweka vidole viwili pamoja, ukoo mmoja, na kwa Kiingereza nikamsikia akithibitisha kwamba nililong'ata halikuwa jani la saumu bali ndugu wa gimbi, aliyejiotea katikati yake. Aliyehitaji kuambiwa nilikuwa mimi.

Kisha akamwonyesha picha ya ua la mmea ule ulioniunguza. Lilikuwa limejifunika ukaya wa kijani, na ndani yake fimbo ya zambarau imesimama wima.

"Astaghfirullah," Mama alisema, halafu akacheka mpaka akashika mti. "Hili halina haya!"

Mzee naye akacheka, akawa mwekundu kupita magoti yake. Akamwonyesha picha ya mwisho, kikonyo kilichobeba matunda mekundu yaliyosongamana, akahesabu miezi kwa vidole.

"July," alisema.

"Julai," alisema Mama.

Lilikuwa neno lake la kwanza kueleweka Uingereza bila mimi.

Kwenye tramu alifungua daftari akaanza kufuta. Nyota ya bibi arusi, kengele za Ijumaa. Kwa karani akasita, akamwacha. "Huyu kweli ana sura ya karani," alisema. Kisha akafunga daftari. "Ile tiketi, usiiguse."

Ulimi wangu ulikuwa bado mzito kama kandambili, lakini nilimuuliza kwa nini. Nakiri nilichotaka kusikia. Nilitaka aseme kwamba aliniona pale kwenye gogo, moyo ukamwambia asiniache.

"Nataka niyaone yale matunda."

Mama yangu alibaki London kwa ajili ya gugu, tena lenye sumu. Nikanuna vituo viwili. Kwenye cha tatu akachukua hanchifu yangu, akanishika taya mbele ya abiria wote, akaanza kunipangusa mate.

"Na wewe nani atakuangalia?" alisema. "Mtu mzima, unakula majani."

Nikatulia anipanguse.