Karanga Zilizolowekwa kama Muhogo

Mwanangu, siku moja sitaisahau hata nikizeeka kuliko hivi. Dada yangu Somoe alirudi kutoka ghalani kule Nachingwea, kwenye shamba la karanga la Mzungu mmoja, na karanga za mbegu amezifunga kwenye pindo la khanga. Zilikuwa nyekundu kwa unga wa dawa ya kuzuia kuoza. Mwaka ule mvua ilitukimbia, na kwetu Chinongwe watoto walilala na njaa.

Mzee Nampunda, msimamizi wa ghala, alikuwa ametenga magunia: ya kula upande huu, ya mbegu zenye dawa upande ule, yamepigwa alama ya rangi nyeusi. Karanga za Somoe zilitoka kwenye alama nyeusi.

Dada yangu hakuwa mjinga, asikudanganye mtu. Muhogo mchungu nao una sumu, na sisi tunauloweka, tunauanika, tunaula. Basi karanga akazifanyia vivyo hivyo. Wekundu ukatoka, akamwaga maji, akazianika, akazikaanga. Mimi nilikuwa na homa, sikutia kitu mdomoni. Yeye na mwanawe Hadija walikula wakashiba.

Mzee Nampunda aliposikia alikuja mbio, akafoka: "Sumu ya muhogo mnaijua kwa kuwa bibi zenu waliijua. Hii aliijua bibi wa nani?"

Tulimcheka, maana siku zilipita na hakuna aliyeumwa. Hilo linanikera hadi leo, kwamba sumu ile ilitupa muda wa kucheka. Baadaye vidole vya Somoe vikafa ganzi, akashindwa hata kujifunga khanga. Mtoto akaanza kuyumba, kisha macho yakaingia giza. Hospitali ya misheni hawakuwa na dawa yake. Hadija alikata roho mama yake amemshika mkono, na Somoe akawa ananiuliza, "Mdogo wangu, bado nimemshika?"

Sasa wewe unakwenda kuanza kazi kwenye ghala la dawa za mikorosho, Ruangwa. Usiipime dawa kwa pua, wala kwa ulimi, wala kwa mazoea ya jikoni kwetu. Ukikuta alama usiyoielewa, uliza. Wakikucheka, uliza tena. Kilichotengwa kiache kilikotengwa, hata kama nyumbani sufuria ni tupu. Wala usiseme ni salama kwa kuwa jana hukuumwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akutunzie mikono yako, ili siku utakapomshika mwanao, ujue umemshika.