Mkasi wa Nooroa na Kompyuta Kuukuu

Mnaniandama niandike, mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka tisa, tena sijajuta. Kwa nini hamkumwomba mwalimu? Lakini mwalimu ataanza kusifia kompyuta na kumsahau Teupoko. Basi haya, someni, na anayeona herufi zangu zimepinda anyooshe shingo yake.

Hapa kisiwani Atiu kila kikundi cha tivaevae, yale mashuka ya maua tunayowatandikia maharusi na kuwafunikia wafu wetu, kina mkataji mmoja. Yeye huchora kipande kimoja cha ua, hukunja kitambaa kikawa tabaka nane, hukata, na kikifunguliwa ua zima liko mbele yenu. Sisi wengine ni sindano tu. Mkataji wetu alikuwa Nooroa, na mdogo wake Teupoko ndiye aliyekuwa sindano kali kuliko zote. Miaka arobaini mmoja mkasi, mwingine sindano, na hakuna aliyegusa cha mwenziwe.

Kisha mkono wa Nooroa ukaanza kutetemeka, penseli ikawa inamtoroka. Mereana, binti wa Teupoko anayeishi Tokoroa, kule New Zealand, alikuwa ameleta kompyuta ili waonane na mama yake. Lakini aliyeketi mbele yake kila siku ni Nooroa. Akajifunza kuchora kwa kipanya, kidogo kidogo, mwaka mzima kwa ua moja tu: majani ya maire, mmea tunaosukia mashada, kwa ajili ya kitanda cha Teupoko. Alipolimaliza akasema, "Jumatatu nitakata." Jumapili tukamzika.

Miaka miwili ua lile likakaa ndani ya mashine. Teupoko aliifunika kwa foronya aliyoitarizi, na asubuhi akiiwasha huliangalia kwanza ndipo anywe chai.

Mwaka huu mashine ikakataa kumwonyesha Mereana. Sauti hakuna, sura hakuna, maandishi tu kwamba mfumo wake ni wa zamani. Na Jumamosi ya wiki hiyo Teariki, mwana wa Mereana na mjukuu wa Teupoko, angekatwa nywele kule Tokoroa kwa mara ya kwanza, kama ilivyo desturi yetu kwa watoto wa kiume. Mtoto ana miaka saba, nywele hazijawahi kuguswa, anakaa kwenye kiti kilichotandikwa tivaevae na kila ndugu anakata kishungi chake. Kishungi cha kwanza ni cha bibi. Nyonga za Teupoko haziwezi ndege, kwa hiyo Mereana angekata kwa niaba yake, yeye akiangalia.

Jumatano Teupoko akamwita Mzee Tereapii, aliyekuwa mtu wa simu ya upepo zamani, na ndiye pekee hapa asiyeogopa kufungua mashine hizi.

"Hodi, mwenye nyumba!"

"Nimekuita saa mbili, sasa ni saa nne."

"Nilikuwa nakunywa kahawa."

"Kwani hapa kahawa hakuna?"

Mzee akaivua mashine foronya, akarudisha mkono haraka. "Mama we! Umeifunika kama kuku anayeatamia. Ungekaangia yai hapa."

"Kitu cha heshima hufunikwa."

"Basi heshima yako itaiua." Akakaa, akabonyeza, akaguna. "Sikiliza. Nikiweka mfumo mpya, utamwona mtoto. Lakini ile programu aliyochorea dada yako ni ya zamani mno. Nimewauliza wanaojua, kwenye mfumo mpya haifunguki."

"Kwa hiyo nimfute dada yangu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema, ila umezungukia jikoni."

"Printa je?"

"Mijusi wametaga humo tangu mwaka juzi."

"Nipige picha kwa kisimu changu hiki cha vitufe."

"Nikate shuka la kitanda kutoka kwenye picha ya kiganja? Mzee, ulikatiwa nguo na nani wewe?"

"Kompyuta nyingine itakuja na meli, na meli ni mwezi ujao." Mzee akawaza, kisha uso ukang'aa. "Teupoko! Ni kipande kimoja tu cha ua, sivyo? Weka karatasi juu ya kioo, ufuatishe kwa penseli. Basi, una kila kitu!"

Alidhani atashukuriwa. Alitolewa nje bila kofia.

Alikuwa amegusa pale palipouma. Ua likiwa ndani ya mashine, Nooroa alikuwa bado na kazi yake, Jumatatu yake ilikuwa bado inakuja. Likishuka kwenye karatasi, lazima mtu akate.

Alhamisi simu ya vitufe ya Teupoko ikalia. Alikuwa Teariki mwenyewe.

"Bibi, utakuwa unaniona kweli?"

"Kwa nini?"

"Mama anasema nisilie. Ukiwa unaniona sitalia. Usiponiona sijui."

Teupoko akakata simu, akachukua kofia ya Tereapii, akaenda nayo kwake. "Kofia yako inanuka jasho," akamwambia. "Njoo kesho asubuhi. Na karatasi za kuokea, zile zinazopitisha mwanga."

Ijumaa tulijaa sebuleni. Mzee alilikuza ua likafika ukubwa wake, nasi tukabandika karatasi kwenye kioo, tukafuatisha kwa penseli kipande baada ya kipande, karatasi kumi na mbili, zote za jikoni kwangu, tukaziunga kwa uji wa unga. Ndipo tukaona. Ukingo wa kila jani ulitetemeka. Mkono wa Nooroa ulikuwa pale mzima mzima.

"Mashine inaweza kuunyoosha mstari huu," akasema Tereapii.

"Gusa uone," akasema Teupoko.

Kitambaa chekundu kikakunjwa. Karatasi ikabanwa juu yake kwa pini. Mkasi ukatolewa kwenye kopo la biskuti ulimolala miaka miwili. Sote tukatazama miguu yetu. Teupoko akatutazama mmoja mmoja. Akaushika. Alikata polepole, akipita kila mtetemeko bila kuruka hata mmoja, jasho likimdondoka puani. Tulipofungua, majani ya maire yalikuwa kama yanapulizwa na upepo, pande zote nane.

"Hata akifa lazima ajionyeshe," akasema Teupoko. Tukacheka, kisha hatukucheka.

"Haya, weka huo mpya wako," akamwambia Mzee.

"Una hakika?"

"Bonyeza kabla sijakupiga."

Teupoko akaweka kiganja juu ya mashine mpaka kazi ikaisha, kama mtu anayemlaza mtoto.

Jumamosi sura ya Teariki ikajaa kioo, nywele hadi kiunoni. Nyuma ya Teupoko tulikuwa tumetundika kitambaa chekundu, hakijashonwa bado.

"Bibi, hilo shuka linatikisika!"

"Ni bibi yako mkubwa, anakupungia. Tulia sasa."

Mkasi wa Mereana ukalia. Mtoto hakulia. Aliyelia ni Tereapii, akasingizia moshi wa jikoni, na jiko lilikuwa limezimwa.

Nimemaliza. Sasa usinishukuru, inuka. Kuna kitu cha mtu wako umekifunika foronya mahali fulani, kitoe leo hii, ukifuatishe kwa mkono wako mwenyewe. Na ukipita hapa uniletee karatasi za kuokea, zangu wamezimaliza zote.