Siku Alunguli iliposhinda ng'ambo ya mto, na golikipa niliyemrushia matope

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi ni Mwamini, mama wa Kindu, Maniema, huku Kongo, upande wa Alunguli. Huwa nasoma tu nyuzi za wengine, yangu sijawahi kuanzisha. Mtanivumilia Kiswahili chetu cha huku: mtoto sisi tunamwita mutoto, mke tunamwita bibi, ndiyo tunasema njo, na maisha yanaendelea.

Niliyoyaona nitasema niliyaona. Niliyosimuliwa nitasema nilisimuliwa. Chumvi sitaongeza. Miaka ninayotaka kuwaelezea, hata ya kuweka kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, hatukuwa nayo.

Kilichonifanya niandike ni jambo la juzi juzi. Vijana wetu walipanda pikipiki kwenda kucheza Punia. Barabara ile anayeijua anaijua, ni matope na msitu mpaka unafika. Hakuna aliyewategemea. Mimi mwenyewe nilisema wakifungwa tatu tu, tumshukuru Mungu.

Saa kumi na moja jioni simu ya binti yangu ikalia. Akatoka nje anapiga kelele: "Mama! Tumeshinda! Kwao kabisa! Mbili kwa moja!"

Basi, mtaa mzima ukaamka. Pikipiki zinapiga honi, wamama wanagonga sufuria. Jirani yangu mmoja ambaye hatembei bila fimbo, siku ile fimbo aliisahau nyumbani akaja anacheza.

Na mimi nilicheza. Halafu nikakaa chini nikaanza kulia, binti yangu akashangaa.

Nilikuwa nimemkumbuka mtu.

Sasa turudi miaka ya vita.

Kindu imekatwa katikati na mto Lualaba. Ng'ambo kuna mji wenyewe, bandari, gari la moshi na kambi ya wafanyakazi wa reli. Wengi wao ni watu waliotoka Kasai na Katanga zamani, kwa ajili ya kazi. Upande huu ni sisi Alunguli, watu wa bustani na biashara ndogo. Siku za kawaida unavuka asubuhi na mtumbwi, unauza majani yako ya muhogo, unarudi.

Vita vilipokaza, mto ukafungwa. Mji ulishikwa na askari, na msitu wa upande wetu ulikuwa na wenye bunduki wengine. Ukitoka huku, askari wanasema wewe ni wa msituni. Ukitoka kule, wa msituni wanasema wewe ni wa askari. Shangazi yangu alikuwa anaishi kule, karibu ningeona moshi wa jiko lake, lakini miezi na miezi sikujua kama yuko hai.

Mjini njaa ilikuwa kali zaidi, maana hawakuweza kutoka kwenda mashambani. Sisi angalau tulilima. Tulilima hata uwanja wa mpira, si utani. Pale katikati, pa kuanzishia mpira, palikuwa na muhogo wa mama mkwe wangu.

Kwa hiyo timu yetu ilikuwa timu ya jina tu. Mume wangu Ramazani alikuwa mshambuliaji. Mazoezi walifanyia kwenye ua wa shule, viatu vyenyewe vya kupokezana.

Siku moja mkubwa wa askari akatangaza mechi. Alitaka ionekane mji umetulia. Timu ya reli, ambayo uwanjani kwao ilikuwa haifungwi, icheze na Alunguli. Wachezaji wavuke, mashabiki wabaki.

Mtasema, ng'ambo ya mto ndiyo ugenini gani? Wakuu, siku zile ng'ambo ile ilikuwa mbali kuliko Kinshasa.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nikamwambia, "Ramazani, usiende."

Akasema, "Mwamini, tusipoenda watasema tunaficha kitu. Tunaenda kucheza mpira tu."

"Basi mufungwe," nikamwambia. "Mufungwe tu, murudi."

Hiyo ndiyo dua niliyoomba siku ile. Shabiki wa timu naomba timu yangu ipigwe.

Walivuka na mitumbwi miwili, watu kumi na wanne. Sisi wengine tukakaa kandokando ya mto, kimya, kama watu waliokuja matangani.

Uwanja wa reli hauko mbali na maji. Upepo ulikuwa unatuletea sauti. Kila reli wakishambulia, tunasikia watu wao wanavuma. Tunashika vichwa. Wanavuma tena. Tunashika vichwa tena.

Halafu, kipindi cha pili kikiwa kimeenda enda, ng'ambo kukawa kimya. Kimya kabisa, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Mzee Feruzi, aliyekuwa refa zamani, akainua kidole. "Hii njo goli yetu," akasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Nani apige kelele, askari wako ng'ambo wanatuangalia? Mama mmoja alijifunika kitenge usoni akawa anacheka humo ndani mpaka mabega yanatikisika. Wanaume walishikana mikono wanabana. Tulifurahi bila sauti. Sijawahi kuona furaha ya namna ile tena.

Mimi sikufurahi. Niliomba tufungwe, sasa tumefunga.

Filimbi ya mwisho tuliisikia. Tukangoja mitumbwi. Hakuna. Jua likaanza kushuka, bado hakuna. Wale waliokuwa wanacheka wakaacha.

Kisha tukaona mitumbwi inatoka bandarini. Mitumbwi minne. Ilienda miwili, inarudi minne. Na waliokaa mbele wote wamevaa jezi za bluu, jezi za reli.

Nikajua wanakuja kutuambia watu wetu wamekufa.

Hapa naandika kwa aibu. Niliingia majini mpaka magotini na tumbo langu lile. Mtumbwi wa kwanza ulikuwa na mwanaume mrefu, kifua wazi, anapiga kasia. Nikachota matope nikamrushia. Yakampata kifuani. "Watu wa Kasai!" nikapiga kelele. "Mumemaliza waume zetu! Murudi kwenu!"

Yule mwanaume akajifuta taratibu. Akaniuliza, "Mama, bwana yako njo nani?"

"Ramazani!"

"Njo huyu hapa. Iko muzima. Tuliwaazima tu jezi."

Nikaangalia vizuri. Aliyekaa mbele yake na jezi ya bluu iliyompwaya alikuwa mume wangu.

(Simu ilizima, nimeenda kuchaji kwa jirani mwenye sola. Naendelea.)

Sasa haya sikuyaona, nilisimuliwa na Ramazani.

Goli alifunga yeye, moja kwa sifuri. Mechi ilipoisha mkubwa wa askari akakasirika. Akasema huyu mfungaji amewahi kuonekana msituni. Akataka watu watatu wawekwe pembeni kwa maswali, Ramazani wa kwanza. Wakati ule kila mtu alijua ukipelekwa kwenye maswali, kurudi hakuna.

Golikipa wa reli, fundi wa gari la moshi, ndiye alikuwa kapteni wao. Nitamwita Papa Mukendi; ndiye yule niliyemrushia matope. Akatoka golini, mpira kwapani, akaenda mpaka mbele ya yule mkubwa.

Akamwambia: "Mukubwa, hawa ni wageni wetu, sisi njo tuliwaita. Wakibaki hapa, kesho kila muntu atasema timu ya reli ilishindwa mpira ikaita bunduki. Aibu itakuwa yetu, si yao."

Kisha akakaa chini karibu na wale watatu. Wachezaji wake wakaja mmoja mmoja, wakakaa. Halafu wake zao wakashuka kutoka pembeni, wakakaa. Watu wenye njaa, waliofungwa nyumbani kwao, wamekaa kwenye nyasi wanawazunguka wageni waliowafunga.

Yule mkubwa akaona hawezi kuwachukua wote. Mwisho akasema, "Muwavushe nyinyi wenyewe. Wakipigwa risasi kwenye maji, mimi simo."

Ndiyo maana wakavua jezi wakawavisha wenzetu. Askari wa bandarini walizizoea zile jezi. Na ndiyo maana walikuja nao mpaka huku kwetu, wamekaa wamechanganyika, asijulikane wa kupigwa ni nani.

 Mama mkwe wangu alichukua jembe akaenda uwanjani kwetu kung'oa muhogo. Wamama wengine wakamfuata. Wale watu wa reli walikula wamesimama, haraka, jua lisije likazama. Wakaondoka na mitumbwi imejaa muhogo na majani.

Mimi nilikuwa nimejificha ndani. Nilimsikia Papa Mukendi anaaga mlangoni. Sikutoka.

Miezi miwili baadaye binti yangu akazaliwa, baba yake akampokea mikononi. Vita vilipoisha mto ukafunguka. Ramazani kila akivuka lazima akamsalimie Papa Mukendi. Mimi nikimwona sokoni nahamia mstari mwingine, najifanya nachagua samaki. Mwaka kwa mwaka. Binti kakua, kaolewa, mimi bado nachagua samaki.

Ramazani alinitoka kwa ugonjwa, Mungu amrehemu. Papa Mukendi akavuka kuja matangani, akakaa na wanaume siku mbili. Hata hapo nilishindwa. Nilimtumia salamu kwa mtu.

Basi baada ya ushindi wa Punia nilisema hapana, sasa inatosha. Kesho yake nikachukua kuku, nikavuka.

Amezeeka. Jicho moja limeingia ukungu. Bado anaishi kambi ya reli, gari la moshi likija linakuja, lisipokuja basi.

"Karibu mama. Wewe njo nani?"

"Mimi ni bibi ya Ramazani wa Alunguli. Njo mimi nilikurushia matope."

 Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe njo wewe! Bibi yangu aliniuliza nilianguka wapi, nikamwambia nilianguka kwenye mama mukali!"

Nikamwambia, "Papa, nimekuja kuomba musamaha na kusema aksanti."

"Musamaha uliisha palepale kwenye maji," akasema. "Lakini aksanti naipokea. Hiyo njo ilikuwa haijafika."

Tulikaa sana. Nikapata nguvu ya kumuuliza jambo moja. Pande zote mbili za mto kuna watu walikuwa wanasema kwamba siku ile alituachia goli kwa huruma. Ramazani aliyasikia hayo maneno mpaka anakufa. Kumuuliza Papa Mukendi aliona aibu, alikuwa anacheka tu, lakini mimi mke wake nilijua yanamuuma.

Papa Mukendi akaweka kikombe chini. Alikasirika kweli.

"Mimi? Niachilie goli? Kwetu hapa? Mama, mimi nilikuwa golikipa!"

Akasimama, magoti yale mabovu, akaweka viti viwili akasimama katikati. "Bwana yako alikuwa pale. Nilijua atapiga kulia. Akageuza mwili, akapiga kushoto, chini kabisa, karibu na muti wa goli. Nikanyoosha mukono huu. Vidole viligusa mpira. Haikutosha." Akaniangalia na lile jicho zima. "Alinifunga, mama. Alinifunga safi."

Wakuu, mimi ni mjane wa miaka kadhaa. Watu wameniletea unga, wameniletea nguo, wameniombea dua. Mungu awalipe wote. Lakini zawadi kubwa kuliko ile sijapokea.

Nilichojifunza: aibu ni mwizi. Ilininyang'anya miaka mingi ya kukaa na mtu mwema, na ilimnyima Ramazani kusikia lile neno kwa masikio yake.

Waliokuwa Kindu siku ile, wa mjini au wa Alunguli, waandike hapa chini wanakumbuka nini, hata kama ni kunisahihisha.

Na wewe unayesoma huku una mtu hujamwambia aksanti, mpigie simu kwanza. Kukomenti utakomenti baadaye.