Mwezi wa Bondeni

Mtaa wetu katika mji wa Kasongo ulikuwa bondeni, ng'ambo ya kijito, na wenzetu wa mtaa wa juu walituita watu wa tope. Wao walikuwa watu waliotoka pwani na watoto wao, wenye nyumba za baraza pana na msikiti. Sisi tulikuwa mchanganyiko: Wazimba, Wabangubangu wa upande wa Kabambare, watu walioletwa na kamba shingoni wakabaki, na watu kama baba yangu, waliofuata msafara kwa miguu yao wenyewe wakajifunza kuswali na kuvaa kanzu. Huko juu walitujibu salamu vizuri tu. Tukishapita tulisikia neno "washenzi", wala hawakulisema kwa kunong'ona.

Ndiyo maana jambo la mwezi lilikuwa kubwa kwetu. Miaka yote mtaa wa juu ndio uliotangaza kufunga na kufungua, nasi tukingoja ngoma yao kama kuku wanaongoja kumwagiwa punje. Baba akachoka. Kila mwisho wa mwezi akawa anapanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya mashamba ya mpunga, anatazama magharibi, na mara nyingi alisema kweli, hata wazee wa juu wakakubali kwamba bondeni nako kuna mtu wa mwezi. Kwetu neno lake peke yake lilitosha. Akisema umeandama, umeandama.

Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa baba, na kwa kuwa sikuogopa kusema mbele za watu, wanawake wa mtaa walinifanya mkubwa wa kikoa chao. Kikoa chetu kilikuwa hivi: Ramadhani nzima kila nyumba ilipika futari ya mtaa kwa zamu, na kuamkia Idi tulipika wote pamoja, asubuhi tukapandisha chakula mtaa wa juu, tukaswali, tukala nao. Nilijua nani ana mchele na nani anajifanya hana. Niliupenda ukubwa ule, nisiseme uongo.

Mwaka ninaousema, Ramadhani iliishia katikati ya mvua. Jioni ya kuangalia mwezi mawingu yalijaa, lakini baba alishuka kichuguuni mbiombio, kanzu kaikunja mkononi.

"Nimeiona," akasema. "Nyembamba. Iko juu ya michikichi."

Hakuna aliyemuuliza la pili. Ngoma ikapigwa. Mara mvua ikamwagika, kijito kikafurika, asiweze mtu kuvuka. Kutoka juu hatukusikia ngoma yoyote.

"Wamelala," nikawaambia wanawake. "Leo wao ndio watangoja yetu." Nikacheka. Kicheko kile nakikumbuka kuliko maneno yenyewe.

Tukatwanga, tukakaanga vitumbua kwa mawese, tukapika wali. Jirani yetu, mjane mfinyanzi wa vyungu mwenye ulimi kama wangu, alisita kuchinja kuku wake, maana walikuwa wanataga. "Tungoje asubuhi," akasema. "Kama watu ya juu hawakuona?" Nikamjibu mbele ya wote: "Baba yangu iko na macho. Weye chinja kuku." Akachinja.

Asubuhi tukaonja vitumbua, kama ilivyo desturi kabla ya sala ya Idi, tukavaa nguo zetu za kutokea, tukavuka kijito. Baba alitangulia. Wanawake tulijitwika masinia yaliyofunikwa majani ya migomba, watoto wakiimba. Tulipofika msikitini hapakuwa na mkeka hata mmoja nje. Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani anasoma, midomo imemkauka. Akatutazama, kanzu zetu kwanza, halafu masinia.

"Leo sisi tumefunga, mama," akaniambia kwa upole.

Upole ule ndio ulionimaliza. Angetukana ningejua la kumjibu. Nilikuwa na mafuta ya kitumbua midomoni; nikajifuta kwa mgongo wa mkono, naye akaniona nikijifuta. Wanawake wa mtaa ule wakachungulia milangoni. "Bondeni wana mwezi wao," mmoja akasema ndani ya nyumba, na kicheko kikahama ua hadi ua. Nikatamani majani yale ya migomba yanifunike mimi badala ya wali.

Baba alisimama mbele yetu sote. "Nimeiona," akasema. "Mi si mutoto. Nimeiona."

Hakuna aliyembishia, wala hakuna aliyemwamini. Tukageuka na masinia yetu.

Siku ile tulijizuia kula mpaka magharibi, harufu ya wali imejaa nyumbani. Kuku wa mfinyanzi wakachacha chunguni. Hakunitukana. Alikuja tu karibu na ua wetu, akamwaga mchuzi shimoni polepole, mimi nikimwangalia, akarudi kwake.

Jioni mbingu ikatakata. Mtaa mzima ukatoka nje, maana hapo ndipo ukweli ungejulikana. Kama mwezi uliandama jana, leo ungekuwa umenenepa na uko juu, na baba angeokoka. Niliomba Mungu kwa moyo wote. Ukaonekana chini kabisa, mwembamba kama ukucha uliokatwa, karibu kuzama. Ulikuwa wa siku ya kwanza. Watu wakageuza nyuso kumtazama baba.

Alikuwa kasimama katikati yetu, shingo kainyoosha, anatafuta huku na huku juu ya michikichi.

"Mbona leo haitoki?" akauliza. "Mawingu ingali iko?"

Hapakuwa na wingu. Mwezi ulikuwa mbele yake. Nikaelewa, na mtaa mzima ukaelewa pamoja nami. Siku nyingi nilikuwa nikiuona ukungu mweupe machoni mwake, nikadhani ni uzee tu. Sasa nikajua alichokiona jana juu ya kichuguu ni weupe wa jicho lake mwenyewe.

"Twende nyumbani, baba," nikamwambia.

"Ngoja kwanza."

Sikungoja. Nilimvuta mkono kama mtu anavyovuta mbuzi, mbele ya watu, kwa sababu sikuweza kuvumilia wamtazame zaidi. Naona aibu ya mwezi, naona na aibu ya mkono ule, na sijui ipi inauma zaidi.

Idi tuliila juu siku iliyofuata, mikono mitupu, kama wageni. Walitupa nyama nzuri. Sikuonja utamu wake.

Idi ilipopita, baba akaanza kufunga. Alisema kila nyumba ya bondeni imepoteza siku moja kwa ajili yake, na atazifunga zote. Wazee wakamweleza kwamba aliye hai hafungiwi na mwenziwe, kila mtu atailipa siku yake. Aliwasikiliza kwa adabu, kesho akafunga tena. Akakonda, kanzu ikamning'inia. Hakupanda tena kichuguu.

Ndipo wanawake, bila kuniuliza mimi mkubwa wao, wakarudisha zamu. Kila magharibi nyumba moja ilileta futari ya baba. Nilizipokea sahani mlangoni nikitazama miguu ya aliyeleta, nikashukuru kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea. Ningeona nafuu kama wangetununia. Walitupa sombe ya majani ya muhogo na samaki na kutuuliza hali, nami nikaingia ndani kulia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani.

Jioni moja zamu ikawa ya mfinyanzi. Tangu siku ya kuku hatukuwa tumesemezana. Mvua ilikuwa inanyesha, upepo umechukua sauti ya mwadhini, bondeni hatukusikia kitu. Akaweka chungu cha uji, akakaa karibu na mlango bila kuniangalia. Baba alikuwa mkekani, kata ya maji mkononi.

"Jua imezama?" akaniuliza.

"Imezama, baba. Kunywa."

Hakunywa. Aliishika kata karibu na mdomo, akaelekeza uso kwenye sauti yangu.

"Nani mungine ameona?"

Miaka yote watu walikula na kufunga kwa neno lake peke yake, na sasa hakuthubutu kunywa maji kwa neno la mtu mmoja, hata la mwanawe.

Mfinyanzi akainuka. Akatoka mvuani, akasimama uani akitazama magharibi, ingawa giza lilikuwa limeshaingia na hapakuwa na kitu cha kutazama. Alikaa huko mpaka nguo ikamganda mwilini, kisha akarudi, akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Miye nimeona, baba," akasema. "Kunywa."

Ndipo akanywa.