Sauti ya Kushoto, Sauti ya Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Homa Bay, nilitafuta sindano nikaikosa. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi nikijua redio na gramafoni, basi. Juu ya meza ya karakana nikawekewa mashine pana kama sanduku la nguo, na kando yake sahani inayong'aa, kubwa kama sinia la wali. Ilikuwa mali ya misheni moja iliyokuwa ikifundishia wauguzi kwa picha. Niliambiwa hiyo ni santuri ya picha. Nami nikajiambia, santuri ni santuri. Nikafungua kifuniko, nikaanza kutafuta sindano ya kuisomea.

Fundi Mkuu, mtu mrefu aliyevaa miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, alinitazama mpaka akachoka.

"Madam, umepoteza nini humo?"

"Sindano, mzee."

"Humo hakuna sindano. Inasomwa na mwanga."

"Mwanga unasoma namna gani?"

Alijikuna kidevu, akatazama mashine, akanitazama mimi. "Mimi mwenyewe sijui inavyofanya kazi. Najua tu inavyokataa."

Nyinyi vijana mnaotazama picha kwenye simu hamwezi kujua jinsi tulivyohangaika na vitu hivyo. Mashine ile ilitengenezwa kwa umeme wa nchi nyingine, kwa hiyo ilihitaji transfoma, yaani kile kisanduku kizito kinachoupunguza umeme wetu usije ukaiunguza. Tulipoipata transfoma yake, picha ikatoka bila rangi na ikawa inapanda juu kama inayokimbia, kwa sababu TV yetu na mashine ile zilikuwa hazielewani kwa lugha ya picha. Tulitafuta TV nyingine, rangi zikaja, sauti ikapotea. Fundi Mkuu alisafisha lenzi, lile jicho dogo linalotoa mwanga, kwa pamba na spiriti. Sauti ikarudi. Nilimuuliza jicho linahusiana vipi na sauti. Akasema, "Usiniharibie siku."

Hivyo ndivyo nilivyoanza, na nikikumbuka vizuri, nilibaki katika hali hiyo hiyo miaka yote iliyofuata. Nilikuwa natengeneza vitu vikapona, halafu nakaa nikijiuliza nimefanya nini.

Baadaye nilihamishiwa tawi la karakana yetu la Migori. Sahani kubwa zilikuwa zimekwisha, zikaja diski ndogo za kutosha kiganjani, na kila nyumba yenye betri ya sola ilitaka deki ya kuzichezea. Msimamizi wa Tawi wa Migori alikuwa mama mkali wa Kisabato. Deki hata iwe ya nani, Ijumaa jua likishuka ilifunikwa kitambaa mpaka Jumamosi jioni. Alinifundisha jambo moja ambalo bado nalitumia.

"Mteja akikwambia deki yake haina sauti, usimwamini," alisema. "Akikwambia ina sauti, usimwamini pia. Chomeka mwenyewe, usikilize kwa masikio yako."

Kazi nyingi zilikuwa za nyumbani. Unakuta mende wamezaliana kwenye mota, au mkanda wa mpira unaosukuma trei umelegea kwa joto, na trei haitoki. Zaidi ya yote ni waya. Deki ilikuwa na waya tatu: wa njano hubeba picha, mweupe sauti ya kushoto, mwekundu sauti ya kulia. Lakini TV nyingi za vijijini zilikuwa na tundu moja tu la sauti. Watu walichomeka mweupe au mwekundu, wowote uliokuwa mzima, ule mwingine ukaning'inia nyuma ya kabati. Mara nyingi haikuleta shida, maana pande zote mbili zilisema jambo moja.

Nilikuwa karibu kustaafu alipoingia mama mmoja wa Kikurya kutoka Ogwedhi, amebeba deki ndani ya kikapu cha kwendea mnadani. Aliitwa Boke. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na alikuwa mjane.

"Fundi, hii mashine inanidanganya," alisema. "Mume wangu yuko ndani. Naona mdomo wake unaenda, lakini sauti inatoka ya mtu mwingine."

Nilimwomba anieleze pole pole. Mume wake alikuwa Mjaluo wa Karungu mwenye mitumbwi, na miji miwili, yaani maboma mawili: mke mkubwa kule ziwani, Boke na ng'ombe huku Ogwedhi. Walioana wakizungumza Kiswahili, naye Boke hakuwahi kujifunza Kijaluo. Mume alipougua alikuwa Karungu. Boke alikuwa na mtoto hospitalini, hakuweza kwenda. Basi mgonjwa akaomba aitwe mpiga picha wa harusi na matanga, ili aseme neno la mwisho kwa nyumba zote mbili. Diski mbili zikachomwa, yaani zikarekodiwa, kila nyumba ikapewa yake.

"Yeye alisema nini?" nikauliza.

Boke alitazama mikono yake. "Alisema nirudi kwetu. Alisema, huyu wa Ogwedhi arudi kwao. Nimeisikia hiyo miaka hii yote. Nilienda kumzika nikarudi siku hiyo hiyo, maana mwenye mji amenifukuza. Lakini sauti si yake. Nimechoka kufukuzwa na sauti ya mtu nisiyemjua. Nataka nifukuzwe na yeye mwenyewe."

Nikainamia deki. Niliifungua, nikaisafisha lenzi, nikaangalia saketi ya sauti. Haikuwa na kasoro yoyote. Nikachomeka kwenye TV ndogo ya karakana kwa waya wake aliokuja nao, ambao kichwa chake cheupe kilikuwa kimeng'olewa na panya. Nikamwona mzee kitandani akisema taratibu, na juu ya midomo yake sauti nyembamba ya mtu mwingine, kwa Kiswahili. Nikachanganyikiwa kabisa. Nikafikiri labda mpiga picha aliharibu. Nikafikiri labda ni diski ya mtu mwingine.

Ndipo nilipochukua waya wangu mzima, nikapeleka mweupe kwenye spika moja na mwekundu kwenye nyingine. Spika ya kushoto ikatoa sauti nzito ya mzee anayepumua kwa shida.

Boke alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Huyo!" akasema. "Huyo ndiye!"

Sauti zilikuwa mbili, kila moja na upande wake. Mpiga picha alitumia vipaza sauti viwili: kimoja kifuani kwa mgonjwa, kingine kwa mzee wa kanisa aliyekuwa akimtafsiria Boke, maana mgonjwa alisema kwa Kijaluo, na pumzi ya kurudia kwa Kiswahili hakuwa nayo. Ogwedhi walikuwa na mwekundu peke yake, wakamsikia mkalimani. Kumbe kutoka kwa mume wake Boke hakuwa amesikia hata neno moja.

Kama yangeishia hapo ningekuwa fundi mwenye furaha. Lakini mimi ni Mjaluo, na nilisikia alichosema. Alisema, "Odog dala." Arudi nyumbani. Kwetu sisi, mwanamke aliyeolewa, nyumbani kwake ni kwa mume wake. Mzee wa kanisa akalipokea neno hilo, akaligeuza, likatoka likiwa "arudi kwao."

Kazi yangu ilikuwa deki. Hakuna bosi aliyewahi kuniambia nifanye nini na kilichomo ndani ya diski.

"Amesema nini?" Boke aliuliza. "Fundi, uso wako umebadilika."

Nikamwambia.

"Nyumbani wapi?"

"Sijui, Mama. Kwa Kijaluo changu, ni Karungu."

"Kwa Kijaluo chako. Na cha kwake?"

Marehemu alikuwa mtu wa miji miwili. Labda alimaanisha hiki, labda kile. Tulipata namba ya mzee wa kanisa, nikampigia mbele ya Boke. Alikuwa mzee sana tayari, akiishi kwa binti yake. Nikamuuliza alitafsiri nini siku ile. "Nilisema vile alivyosema," akajibu. Nikamuuliza marehemu alisema vipi. "Vile nilivyotafsiri," akasema, akatuombea baraka, akakata simu.

Boke akaniomba nimsindikize Karungu. Nilimwomba Msimamizi ruhusa, akaniangalia juu ya miwani. "Hiyo ni huduma ya nyumbani," akasema. "Nenda uchomeke."

Mke mkubwa, Mama Pamela, tulimkuta akianika omena, wale dagaa wa ziwani. Alipomwona Boke aliacha kazi, akasimama na kitambaa mkononi. Nikaomba kuona deki yao. TV ilikuwa na tundu moja, na ndani yake ulikuwa umechomekwa mweupe. Karungu walikuwa wamemsikia mzee mwenyewe miaka yote. Hawakuwa wamemsikia mkalimani. Wao walijua tu kwamba mume alimwita mke mdogo nyumbani, na mke mdogo hakuja.

Nikachomoa mweupe, nikaingiza mwekundu. Mama Pamela akasikia Kiswahili cha mzee wa kanisa. Arudi kwao. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akageuka kwa Boke.

"Nyieka," akasema, jina ambalo wake wenza huitana, "hicho ndicho ulichokuwa ukisikia?"

"Hicho tu."

"Na mimi nilikuwa nikisema una kiburi."

Alitoka nje, nasi tukamfuata. Upande wa kushoto wa boma palikuwa na nyumba ndogo ya mabati, mlango umefungwa kwa kamba. Wana wa Mama Pamela waliijenga baada ya matanga, wakimngoja Boke. Alipokosa kuja, ikawa ya mbuzi. Mama Pamela akafungua kamba, akaanza kuwatoa mbuzi mmoja mmoja kwa kuwavuta masikio, huku akiwatukana kana kwamba ndio walioingia wenyewe. Boke akavua viatu, akaingia, akasimama katikati ya nyumba ile yenye harufu. Kisha akauliza fagio liko wapi.

Nilistaafu muda si mrefu baada ya hapo. Deki zimekwisha, na waya zile tatu naziona tu kwenye masanduku ya watu wanaohama. Vijana huniuliza ufundi ule ulikuwa na siri gani, nami nababaika, maana hata lile jicho la mwanga sijalielewa mpaka leo. Wala sijui marehemu alitaka mke wake akae wapi. Nimewauliza wazee wa Karungu, wakaniambia jambo moja. Nikawauliza watu wa Ogwedhi, wakaniambia lingine, na wote wana sababu nzuri.

Boke mwenyewe nilikutana naye sokoni Migori, akipeleka maziwa ya mgando Karungu kwa Mama Pamela. Alisema wiki ijayo angerudi na samaki. Nikamuuliza siku hizi anakaa wapi hasa.

Akacheka, akaweka mzigo wake chini.

"Wewe ndiye unajua Kijaluo," akasema. "Nilidhani utaniambia."